Tumaini la Krismasi katika Miezi ya Njaa

1. Utangulizi

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Desemba, mchungaji wa usharika hupanda mimbarani na ujumbe ambao wasikilizaji wake wanaujua tayari. Mtoto amezaliwa Bethlehemu, malaika wameimba, wachunga kondoo wamekwenda kutazama. Hata watoto wa shule ya Jumapili huweza kuisimulia habari hiyo pasipo kufungua kitabu. Kwa hiyo ugumu wa mahubiri ya siku hiyo hautokani na ugeni wa habari. Unatokana na hali ya watu wanaoisikia. Katika mabenchi yale yale ameketi mama aliyemzika mtoto wake katika juma la nne la Majilio, na karibu naye mzee ambaye kihenge chake kimebaki na vumbi tu. Furaha kuu iliyotangazwa na malaika ina maana gani masikioni mwao?

Swali hili halimhusu mhubiri wa kijijini peke yake. Ni swali la theologia nzima, nalo huulizwa kila mahali ambapo watu wanateseka. Katika makala hii tunakusudia kulieleza tumaini la Krismasi kama Injili ya Luka na Injili ya Mathayo zinavyolileta, kisha tuonyeshe jinsi Kanisa lilivyolishika katika nyakati ngumu, na mwisho tupendekeze mambo machache ambayo usharika unaweza kuyafanya. Tunaanza na mahali tulipo, kwa kuwa Neno la Mungu husikiwa daima mahali fulani na wakati fulani.

2. Krismasi inapotukuta

Kinyangiri imo katika Wilaya ya Mkalama, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Iramba hadi mgawanyo wa mwaka 2012. Kama ilivyo sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida, ni nchi ya ukame yenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kwisha Aprili. Mkulima hupanda mtama, uwele, mahindi na alizeti mvua za kwanza zinaponyesha, akavuna kuanzia Mei. Maana yake ni kwamba Krismasi hutukuta mbegu zikiwa zimekwisha kufukiwa, na akiba ya mwaka uliopita ikiwa inakwisha.

Ni vema msomaji aelewe jinsi njaa inavyofanya kazi katika miezi hiyo, kwa maana haiji kwa ghafula kama tetemeko la nchi. Akiba inapopungua, bei ya nafaka hupanda. Mwenye mbuzi humpeleka mnadani, akakuta wenziwe nao wameleta mbuzi, na bei ya mbuzi imeshuka. Asiye na mbuzi huenda kufanya kibarua katika shamba la mwingine ili watoto wale siku ile, na palizi ya shamba lake mwenyewe huchelewa. Mwingine huuza alizeti ikiwa bado shambani, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Hivyo njaa ya mwaka huu huzaa upungufu wa mwaka ujao. Na katikati ya hayo sikukuu hudai nguo mpya za watoto, michango ya sare za kwaya, na muda si mrefu baadaye, mahitaji ya shule ya Januari.

Wala mateso hayo si ya mbingu na mvua tu. Majirani zetu Wagogo waliipa jina la Mtunya njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, nayo ilitokea baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi kutoka katika nchi ambayo haikuwa na ziada. Ukame ulikuwapo, lakini vita ya wakubwa wa mbali ndiyo iliyougeuza kuwa maafa.

Tena tukumbuke kwamba Krismasi tuliyoipokea ilivaa mavazi ya nchi nyingine. Baada ya wamisionari wa Leipzig kuondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, kazi ya Iramba na Unyaturu ilichukuliwa katika miaka ya 1920 na Waaugustana wa Marekani, Walutheri wenye asili ya Uswidi. Tunawashukuru kwa Injili. Lakini sikukuu waliyoileta ilikuwa imekomaa katika nchi za Kaskazini, ambako Desemba ni mwezi wa usiku mrefu, ghala likiwa limejaa na mashamba yakiwa yamelala chini ya theluji. Huko watu wa kawaida husherehekea wakiwa na akiba ya mavuno. Sisi husherehekea katika msimu wa kupanda, tukiwa na njaa. Tofauti hii si hasara. Huenda inatuweka karibu zaidi na mambo yenyewe, kama tutakavyoona.

3. Majibu matatu yasiyotosha

Mhubiri anayekabili hali hiyo hujaribiwa na majibu matatu.

Jibu la kwanza ni kuinyamazia huzuni. Mhubiri husema moyoni kwamba leo ni siku ya furaha, misiba itazungumzwa siku nyingine. Matokeo yake ni kwamba mfiwa hujiona mgeni katika nyumba ya Baba yake, na mwaka unaofuata haji.

Jibu la pili ni kuahidi mambo ambayo Mungu hakuyaahidi. Siku hizi tunasikia, hata miongoni mwa wahubiri wetu, kwamba mwaka mpya utakuwa mwaka wa kufunguliwa, wa gari na wa nyumba, kwa yeyote atakayetoa sadaka kwa imani. Ahadi hiyo huvutia kwa sababu watu wana haja ya kweli. Lakini ifikapo Machi, ghala likiwa bado tupu, msharika hubaki na mawazo mawili: ama Mungu ni mwongo, ama imani yangu ni bandia. Yote mawili huiua roho.

Jibu la tatu ni kulihamishia tumaini lote mbinguni. Dunia ni ya kupita, husema mhubiri, tuvumilie. Ni kweli kwamba tunangoja mbingu mpya na nchi mpya. Lakini sikukuu ya Krismasi inakiri kwamba Mungu alikuja huku. Mahubiri yanayowaondoa watu duniani siku ile ile Mungu aliposhuka duniani yameipoteza njia.

4. Maana ya neno tumaini

Katika lugha yetu ya kila siku, tumaini hukaribiana na kutarajia: natumaini mvua itanyesha, yaani nadhani itanyesha. Katika Biblia neno hili lina uzito mwingine. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa mara nyingi kuwa tumaini ni tikva. Neno hilo hilo latumika katika Yoshua 2:18 na 21 kuitaja kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani ili jamaa yake waokolewe. Hatusemi kwamba kila mahali neno hili lina maana ya kamba. Maana ya neno huamuliwa na fungu linamotumika. Lakini mfano huo unatufaa. Mtarajio ni wazo lililo ndani ya kichwa changu, bali kamba imefungwa mahali nje yangu, nami naishikilia. Nguvu yake haitegemei hisia za anayeishika, hutegemea mahali ilipofungwa.

Mathayo, anapoandika ukoo wa Bwana wetu, anamtaja Rahabu kati ya mama zake (Mt. 1:5). Mwanamke aliyeifunga kamba akiwa ndani ya mji unaokaribia kuangamizwa ameingizwa katika habari ya Krismasi kabla Yusufu hajatajwa.

Mtume Paulo naye anafundisha katika Warumi 8:24-25 kwamba kitu kikionekana, hakitumainiwi tena. Tunatumaini tusichokiona, na kwa sababu hiyo tunangoja kwa saburi. Mkulima wa Kinyangiri hahitaji maelezo marefu hapa. Mbegu aliyoitunza tangu Juni, akakataa kuila hata watoto walipolia, iko chini ya udongo siku ya Krismasi. Haonekani kuwa nayo. Lakini hakuna mtu atakayesema kwamba hana kitu shambani.

5. Luka: orodha, hori na hua wawili

Luka anaianza habari yake kwa amri ya Kaisari Augusto kwamba watu waandikwe (Lk. 2:1). Wataalamu wamejadili kwa muda mrefu tarehe ya sensa hiyo, kwa kuwa ile ya Kirenio tunayoifahamu kutoka kwa mwandishi Yosefo ilifanyika mwaka 6 baada ya Kristo, hali Herode alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo. Hatutaumaliza mjadala huo hapa. Kilicho wazi ni maana ya kuandikwa: dola ilihesabu watu ili iwatoze kodi. Mwana wa Mungu alizaliwa safarini kwa sababu mtu wa mbali alitaka kujua ni kiasi gani anaweza kuchukua. Wale ambao babu zao walitolewa nafaka na wapagazi kwa ajili ya vita ya wengine wanaifahamu dunia hiyo.

Pili, tuangalie mahali pa kuzaliwa. Neno la Kiyunani katika Luka 2:7 ni kataluma. Luka anapotaka kutaja nyumba ya wageni ya kulipia, kama ile ya Msamaria mwema, hutumia neno jingine, pandokheion (Lk. 10:34). Kataluma analitumia tena katika Luka 22:11 kuwa ni chumba cha wageni ndani ya nyumba ya mtu, ambamo Bwana alikula Pasaka na wanafunzi wake. Wafafanuzi wengi kwa hiyo huona kwamba chumba cha wageni kilikuwa kimejaa, na mtoto akazaliwa katika sehemu ya nyumba ambamo wanyama waliingizwa usiku. Anayeijua nyumba ya tembe, ambamo ndama na mbuzi hulala chini ya dari moja na watu, hatashangaa. Hori halikuwa picha ya ajabu iliyowekwa mbali na maisha ya watu. Lilikuwa kifaa cha nyumba ya kawaida iliyosongamana.

Tatu, siku za kutakaswa zilipotimia, Mariamu na Yusufu walitoa sadaka ya ndege (Lk. 2:24). Sheria iliagiza mwana-kondoo, lakini mama asiyeweza kumpata aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa (Law. 12:8). Luka hasemi kwamba walikuwa maskini. Anataja sadaka yao, na anayeijua Torati anaelewa.

Ni katika hekalu hilo hilo tunapokutana na watu wa tumaini. Simeoni anaingojea faraja ya Israeli, na Ana, mjane wa miaka 84, anazungumza na wote waliokuwa wakiungojea ukombozi (Lk. 2:25, 38). Simeoni anampokea mtoto mikononi, anamsifu Mungu, kisha anamgeukia Mariamu na kumwambia kuhusu upanga utakaoingia nafsini mwake (Lk. 2:35). Kinywa kile kile kinatoa sifa na kutangaza maumivu. Simeoni hakungoja siku nyingine ya kuyasema.

6. Mathayo: kilio kisichonyamazishwa

Kalenda ya kale ya Kanisa la Magharibi inafundisha jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Tarehe 26 Desemba ni ukumbusho wa Stefano shahidi, na tarehe 28 ni ukumbusho wa watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Kanisa halikuisubiri Ijumaa Kuu ili litaje damu. Liliiweka siku ya tatu baada ya kuzaliwa kwa Bwana.

Mwanahistoria Yosefo haandiki juu ya mauaji ya Bethlehemu, lakini anaeleza kwamba Herode aliwaua wanawe mwenyewe, Aleksanda na Aristobulo, na siku chache kabla ya kufa kwake akamwua Antipatro. Kijiji kidogo kama Bethlehemu kisingekuwa na watoto wengi wa umri huo. Kwa mfalme wa namna hiyo lilikuwa jambo dogo. Kwa mama zao lilikuwa ni mambo yote.

Hapa mwanafunzi wa theologia na aangalie kwa makini maneno ya Mathayo. Anapoeleza kuzaliwa na bikira, na kukimbilia Misri, anasema mambo hayo yalitokea ili neno la nabii litimie (Mt. 1:22, 2:15). Lakini anapofika kwenye kifo cha watoto, analibadili fungu la maneno. Hatumii neno la Kiyunani hina, yaani ili, anatumia tote, yaani hapo ndipo (Mt. 2:17). Neno la Yeremia lilitimia wakati ule, lakini Mathayo hasemi kwamba watoto waliuawa ili litimie. Anafanya hivyo tena anapoeleza habari ya Yuda na fedha zake (Mt. 27:9). Mwinjilisti anakataa kumfanya Mungu kuwa mwenye shabaha ya uovu huo. Wale wetu ambao tumesikia kwenye mazishi ya mtoto kwamba Mungu alihitaji ua zuri katika bustani yake tungejifunza uangalifu kwa Mathayo.

Naye anamleta Raheli, anayewalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Fungu hilo latoka Yeremia 31:15. Rama ndipo mateka wa Yerusalemu walipokusanywa kabla ya kupelekwa Babeli (Yer. 40:1), na Raheli, aliyefia njiani kuelekea Bethlehemu (Mwa. 35:19), anachukuliwa kuwa mama anayewaona wanawe wakipita katika minyororo. Mathayo hamkemei. Hamwambii anyamaze kwa sababu Masihi amezaliwa. Anamwacha alie ndani ya Injili.

Hata hivyo, anayefungua kitabu cha Yeremia ataona kwamba maneno hayaishii hapo. Katika aya mbili zinazofuata Bwana anamwambia Raheli azuie machozi, kwa kuwa watoto watarudi kutoka nchi ya adui, na kwamba liko tumaini kwa siku zake za mwisho. Neno lililotumika katika Yeremia 31:17 ni lile lile, tikva. Kamba ya Rahabu imeunganishwa na kilio cha Raheli.

Lakini swali gumu linabaki, na mfiwa yeyote anayeisikiliza Injili hii hulijua. Kwa nini malaika alimwonya Yusufu, asiwaonye baba wengine wa Bethlehemu? Mathayo hatoi sababu, wala sisi hatuna haki ya kuitunga. Tunachoweza kusema ni kile ambacho Injili nzima inasema. Mtoto aliyeponyoka upanga wa Herode hakuponyoka msalaba wa Pilato. Hakuepushwa ili asife kamwe. Aliepushwa ili afe kwa saa yake, kwa ajili ya wote, na watoto wale wakiwamo. Na Mungu aliyemfufua ndiye mwenye uwezo wa kulitimiza neno aliloambiwa Raheli, kwamba watoto watarudi. Pasipo Pasaka, Krismasi haina la kumwambia mama wa Bethlehemu. Kwa sababu ya Pasaka inalo, ingawa haliondoi machozi yake leo.

7. Mashahidi wa tumaini hili

Mwezi wa Aprili 1518, huko Heidelberg, Martin Luther alitofautisha mtheologia wa utukufu na mtheologia wa msalaba. Wa kwanza huyapa mambo majina yasiyo yao; wa pili huyataja jinsi yalivyo. Luther huyo ndiye aliyewatungia watoto wake wimbo wa Krismasi uitwao Vom Himmel hoch, uliochapishwa mwaka 1535, ambao Walutheri huuimba mpaka leo. Miaka saba baadaye, tarehe 20 Septemba 1542, binti yake Magdalena alifariki akiwa na miaka 13. Waliokuwapo waliandika kwamba baba alikiri furaha rohoni na huzuni kubwa mno mwilini. Hakuificha ama hii ama ile.

Philipp Nicolai alikuwa mchungaji wa mji wa Unna nchini Ujerumani tauni ilipouingia mwaka 1597. Katika muda wa miezi michache watu zaidi ya 1,300 walikufa, na yeye aliwazika wengi wao. Kitabu alichokitoa mwaka 1599, chenye kutafakari uzima wa milele, kilikuwa na nyimbo mbili ambazo zimekuwa za Majilio na za Epifania katika makanisa yetu. Nyimbo hizo za mwanga hazikutungwa na mtu aliyekuwa mbali na makaburi.

Lakini tusitafute mashahidi Ulaya tu. Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Kilutheri la Mekane Yesu nchini Ethiopia, alipata nafasi ya kukimbia nchi wakati wa utawala wa Dergi, akakataa kuwaacha washarika wake. Alitekwa na kuuawa tarehe 28 Julai 1979. Hatumtaji ili tuwahukumu wanaokimbia, kwa maana Bwana wetu mwenyewe alikimbizwa Misri mikononi mwa wazazi wake, na kukimbia huko kuliagizwa na Mungu. Wapo wanaoitwa kukimbia, na wapo wanaoitwa kubaki. Imanueli yuko na wote wawili.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Miongoni mwa waliowahudumia wakimbizi mkoani Kagera lilikuwapo shirika letu la TCRS, ambalo lilianza kazi ya wakimbizi nchini mwaka 1964. Kisha, mapema Desemba 1996, Serikali ya Tanzania pamoja na UNHCR ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi waliogopa, wakatoka makambini na kuelekea ndani ya Tanzania, wakarudishwa na askari. Katika Majilio ya mwaka ule, tulipokuwa tukiimba juu ya kuja kwa Bwana, mamia ya maelfu ya watu walikuwa barabarani wamejitwika mikeka na watoto, wakiielekea tena Rusumo.

Habari hiyo inatufundisha kwa uchungu. Waliokuwa barabarani hawakuwa wote wasio na hatia; wengine walikuwa na damu mikononi, na wengi walikuwa watoto. Tena Rwanda ilikuwa nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wakiadhimisha Krismasi kila mwaka, hata hivyo watu waliuawa ndani ya makanisa, kama Ntarama na Nyarubuye. Kwa hiyo tusimtafute Herode katika ikulu tu. Anaweza kuketi katika benchi la kanisa akiimba nyimbo za sikukuu. Majilio ni majira ya toba kwa sababu hiyo, na tumaini lisilopitia toba ni mapambo.

8. Usharika ufanye nini?

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, Mathayo 2:13-18 isomwe katika siku za Krismasi. Pale ambapo hakuna ibada tarehe 28 Desemba, isomwe Jumapili baada ya Krismasi, na ihubiriwe. Usharika usiomsikia Raheli mwaka mzima utadhani kwamba hana nafasi katika Biblia.

Pili, katika maombi ya sikukuu watajwe kwa majina washarika waliofariki tangu Krismasi iliyopita, watoto wakiwamo. Jambo hili huchukua dakika chache. Mama aliyefiwa hahitaji maelezo marefu siku hiyo. Anahitaji kusikia kwamba jina la mtoto wake linajulikana mbele za Mungu na mbele ya Kanisa.

Tatu, baraza la wazee litazame michango na mavazi ya sikukuu. Tunajua zipo familia zisizokuja ibadani siku ya Krismasi kwa sababu watoto hawana nguo mpya. Hili na lisemwe wazi kutoka mimbarani mapema katika Majilio: aliyelazwa horini hakuvishwa mavazi ya gharama, na hakuna atakayetazamwa nguo mlangoni.

Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza, usharika uwe na akiba ya nafaka. Mwezi wa Juni na Julai washarika huleta sadaka ya mavuno, nasi kwa kawaida huipiga mnada baada ya ibada, wakati ambao bei iko chini kabisa. Sehemu ya mtama na uwele ungeweza kutengwa, ukaushwe vizuri, uhifadhiwe salama, na kutolewa kuanzia Desemba: bure kwa wajane, wazee na yatima, na kwa mkopo wa debe kwa debe kwa wenye nguvu, ili mtu asilazimike kuuza alizeti ikiwa shambani au kuacha palizi yake. Tunachagua mtama na uwele kwa kuwa mahindi hushambuliwa mno na dumuzi. Hesabu zake zisimamiwe na watu zaidi ya mmoja na zisomwe mbele ya usharika, maana ghala lisilo na hesabu huzaa manung'uniko.

Huenda mtu atapinga kwamba tunaigeuza Injili kuwa habari ya debe la mtama. Tunajibu kwamba Kanisa la kwanza liliposikia habari ya njaa katika siku za Klaudio, lilikusanya msaada na kuutuma Yudea kwa mikono ya Barnaba na Sauli (Mdo. 11:27-30). Nayo Katekisimo Ndogo, inapoeleza ombi la mkate wa kila siku, inataja chakula, mavazi, shamba, mifugo, serikali njema na hali njema ya anga. Debe la mtama silo tumaini lenyewe. Lakini mtu anayehubiri kwamba Mungu alikuja katika mwili, huku hajali mwili wa jirani, anayabomoa mahubiri yake kwa mkono wake.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba tumaini la Krismasi halidai tuifiche huzuni, wala halituahidi mwaka usio na msiba, wala halituondoi duniani. Linasimama juu ya tendo ambalo Mungu amekwisha kulitenda: amejifunga kwetu katika Mwanawe, aliyezaliwa chini ya Augusto, akawindwa na Herode, akasulubiwa na Pilato, akafufuka siku ya tatu. Hapo ndipo kamba ilipofungwa. Ndugu mchungaji, nawe mwanafunzi utakayepewa mtaa wako wa kwanza mwakani, huenda utaitwa kumzika mtoto tarehe 23 Desemba na kupanda mimbarani tarehe 25. Usitafute ujumbe wa pili kwa ajili ya nyumba yenye msiba. Hubiri ule ule mmoja, uutaje msiba kwa jina lake, kisha baada ya ibada nenda ukaketi na wafiwa, ukiwa umebeba unga.